Lean: kabla hujaandika "egemea", tazama jirani zake

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya kutafsiri, niliwahi kuletewa kijitabu cha mradi wa chakula kilichokuwa kinakwenda Dodoma. Ndani mlikuwa na maneno ya Kiingereza "the lean season". Nikaandika "msimu wa kuegemea", nikalipwa, nikasahau. Baadaye nikasimuliwa kwamba kwenye mkutano wa kijiji mzee mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Huu msimu wa kuegemea, tunaegemea nini?" Na swali lake lilikuwa na haki, kwa sababu kinachosemwa pale ni ile miezi kama Januari na Februari: ghala tupu, mtama bado mbichi shambani, mtu hana pa kuegemea hata akitaka. Ningeandika "miezi ya njaa kabla ya mavuno", yakaisha.

Ndiyo maana wanafunzi wangu wa jioni hapa Magomeni huwa nawaanzishia hapo. Lean ni maneno mawili yaliyovaa shati moja. Kiingereza cha kale kilikuwa na hlinian la kuegemea na hlæne la kukonda. Matamshi yakachakaa hadi yakalingana. Undugu wao wa kale, kama upo, hautakusaidia kutafsiri.

Kuyatenganisha si kazi. Ukikuta leaning, leaned au leant, hilo ni la kuegemea. Ukikuta leaner au leanest, ni la kukonda. Likiwa lean tupu, angalia jirani zake: likifuatwa na on, against, over, towards au back, ni kitendo, likikaa mbele ya jina, kama lean meat au lean years, ni sifa.

Sasa hilo la kitendo ndilo lenye mitego. Darasani nina ngazi ya mbao ya fundi rangi. Naiweka ukutani, nasema: "The ladder is leaning against the wall." Ngazi imeegemea ukuta. Halafu: "I leaned the ladder against the wall." Niliegemeza ngazi ukutani. Mwingereza hakubadilisha kitu, sisi tumeongeza -z-, na anayeisahau ataandika kwamba fundi aliegemea ngazi, kumbe alikuwa anaisimamisha. Kisha naikamata ngazi kwa mkono, naivuta mbali na ukuta, naiacha ikae mshazari hewani. "It is leaning." Hapo darasa zima huitikia, "Imeegemea!" Imeegemea nini? Egemea ya Kiswahili inadai kitu cha kupokea uzito. Lean ya Kiingereza haidai. Kuacha wima kunaitosha. Pasipo kitu cha kupokea uzito, sema imeinama, au imelala upande.

Kwa sababu hiyo huwa sipendi kusoma "mnara ulioegemea wa Pisa". Ule mnara wa Italia ulianza kujengwa mwaka 1173 juu ya udongo laini, ukazama upande mmoja ungali mfupi. Ulifungwa kwa wageni mwaka 1990, mafundi wakachota udongo chini ya upande ulioinuka, ukafunguliwa tena mwaka 2001 ukiwa umenyooka kidogo, lakini bado uko nje ya wima kwa karibu nyuzi 4. Muda wote huo haujaegemea kitu. Umeinama.

Mengine nayapitia haraka. "She leaned over the baby": alimwinamia mtoto. "Don't lean out of the window": usitoe kichwa dirishani, kama konda wa daladala anavyofoka. "I lean towards the second plan": naelekea kuukubali mpango wa pili. "Lean on" ikihusu mtu ni kutegemea. Biblia ya Kiingereza ya King James, Mithali 3:5, inasema "lean not unto thine own understanding", na yetu inasema "wala usizitegemee akili zako mwenyewe". Ila "they leaned on him to sign" si wema: walimbana asaini. Leant, kwa njia, hutamkwa sawasawa na lent, la kukopesha; Wamarekani hukwepa balaa hilo kwa kusema leaned.

Upande wa kukonda, chunga sifa isigeuke tusi. "Lean meat" ni mnofu usio na mafuta, na Mwingereza anaisifia. Ukiandika "nyama iliyokonda" mteja atadhani ng'ombe alikuwa mgonjwa. Sisi ndio tuliosema mtegemea nundu haachi kunona. Vivyo hivyo "a lean man" ni mwembamba aliyekakamaa. Anayetia huruma, Waingereza wana maneno mengine ya kumwita.

Majuzi fundi wa magari jirani yangu alinijia na simu aliyoiunganisha na mashine ya kusomea hitilafu. Imeandika P0171, "system too lean". "Mwalimu, gari linaegemea sana, lakini matairi yako sawa, springi nimezikagua zote." Nikamwambia tazama jirani: mbele yake kuna too, nyuma hakuna kitu, basi hili ni la kukonda. Petroli inataka hewa kama mara 14.7 ya uzito wake. Hewa ikizidi hapo, mchanganyiko umekonda, mafuta ni haba. Akanitazama, akaiinamia injini, akapitisha vidole kwenye mipira ya hewa mmoja mmoja hadi akaushika uliopasuka.

"Kumbe linavuta hewa," akasema. "Si wangeandika hivyo?"