Kuvunja presha ya juu kwenye gemu za umeneja wa soka

Wapinzani wakikubana karibu na lango lako (hiyo ndiyo presha ya juu) kama abiria wa matatu ya Rongai saa moja jioni, usikimbilie mipira mirefu. Mwagize kipa aanzie kwa mabeki wa kati, nao watanuke, kisha kiungo mkabaji ashuke katikati yao: mko watatu dhidi ya washambuliaji wawili. Pasi ziwe fupi, ila kasi usiishushe mno. Hapo ndipo wengi hupokonywa mpira, kwa kuwa mpokeaji hukaa nao hadi anafikiwa. Kagua utulivu, pasi na mguso wa kwanza wa mabeki. Kwenye Football Manager, alama zao zikiwa chini ya 10 kati ya 20, mpango huu utakuponza. Winga mwenye mbio abaki juu, maana nyuma ya mabeki wao ni uwanja mtupu.