Namna ya kufuatilia asili ya neno: tuchukue "sewage"

Kazi yangu ni kutafsiri ripoti za maji. Neno likinisumbua, huchimba asili yake kwanza. Leo tufanye hivyo na "sewage", yaani majitaka.

Hatua ya 1: Tenga yanayofanana sura. Kamusi itakuonyesha pia "sew", kushona. Achana nalo, halina undugu na hili.

Hatua ya 2: Vua kiambishi. Ukitoa "-age" unakaribia "sewer", mtaro. Tazama miaka: "sewage" lilianza kuandikwa miaka ya 1830, ilhali "sewer" lina karne kadhaa. Basi fuata lile kongwe.

Hatua ya 3: Rudi nyuma lugha kwa lugha. Hapa ndipo penye utamu. Waingereza walilipata kwenye Kifaransa cha Wanormani, nacho kikalirithi kutoka Kilatini: "ex", nje, na "aqua", maji. Kutoa maji, basi! Uchafu haumo kabisa. Unashuku kwamba "aqua" inaweza kuzaa hiyo "w"? Tafuta neno jingine lililopita njia hiyohiyo. Lipo: "ewer", jagi la maji ya kunawia, nalo ni tunda la "aqua".

Hatua ya 4: Pima maana kwa historia. Sheria ya Uingereza ya 1531 kuhusu "sewers" ilihusu mitaro ya kukausha ardhi chepechepe na kuta za kuzuia bahari. Jijini London, hadi 1815, ilikuwa marufuku kuelekeza kinyesi cha majumbani kwenye mitaro hiyo ya maji ya mvua. Baadaye vyoo vya kuvuta maji vikaenea, vikaunganishwa humo, na yote yakaishia mto Thames. Kiangazi cha 1858 uvundo uliwashinda hata wabunge, mapazia ya Bunge yakaloweshwa dawa ya klorini. Hapo ndipo mhandisi Joseph Bazalgette alipopewa idhini ya kujenga mfumo mpya. Neno lilichafuka kwa kilichomiminwa mtaroni.

Hatua ya 5: Rudi kwenye tafsiri yako. "Sewage" ni kinachotiririka. "Sewerage" ni mabomba na chemba zake. Wenye lugha wenyewe huyachanganya, kwa hiyo soma sentensi nzima. Ikisema "sewerage" imemwagika ziwani, mwandishi amekusudia majitaka. Ikisema inapanuliwa kufikia kata mbili zaidi, andika mtandao wa majitaka.