Kuunda betri ya Volta kwa kufuata barua yake

Tarehe 20 Machi 1800, mwanafizikia Mwitaliano Alessandro Volta alimwandikia Joseph Banks, rais wa Royal Society (chama cha wanasayansi cha London), barua ya Kifaransa iliyoeleza betri yake hatua kwa hatua, hata upana wa vipande vya metali: takriban inchi moja. Inafuatika hadi leo.

Kata vipande 6 vya shaba, 6 vya zinki na 6 vya kadibodi. Volta alipendelea fedha, lakini shaba aliikubali. Sugua metali kwa msasa mpaka zing'ae. Koroga vijiko 2 vya chumvi katika kikombe cha maji, loweka kadibodi, kisha zikamue.

Panga shaba, kadibodi, zinki. Juu yake tena shaba, kadibodi, zinki, hivyo hivyo mpaka vipande viishe. Usibadili mpangilio: jozi moja ikigeuzwa hupunguza nguvu ya nyingine. Shaba ya chini ni chanya, zinki ya juu hasi. Utapata kama volti 4, zinazotosha kitaa chekundu cha LED. Mguu mrefu uelekee shaba.

Kisipowaka, tazama ubavuni. Tone la maji ya chumvi likichuruzika kutoka kadibodi moja hadi nyingine, umeme hupita njia ya mkato. Ubavu ufutwe ukauke kabisa.