Windows na Linux kwenye laptopu moja

Wanafunzi wanaoniletea mashine hapa Tudor, Mombasa, huja na ombi moja: "Fundi, nataka Linux, lakini Windows ya baba isiguswe." Ni ombi la haki. Programu ya hesabu za duka iko kwenye Windows, na masomo yataka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Zote mbili zakaa kwenye diski moja bila kugombana, na kazi yenyewe waweza kuifanya nyumbani. Nitaeleza kwa Linux Mint, aina moja ya Linux, maana ndiyo ninayompa mtu anayetoka Windows: RAM ya GB 4 yatosha, na sura yake haimpotezi mgeni.

Lazima Windows iwe imetangulia. Ukiiweka ya pili, hujifanya ya kwanza kuwaka na Linux hutaiona tena mpaka ukarabati. Na ushike hili: sehemu kubwa ya kazi hufanywa ndani ya Windows, kabla flashi haijachomekwa. Mashine ninazoletewa zikiwa zimekwama, nyingi mwenyewe aliruka hapo.

Kwanza nakili faili zako zote kwenye diski ya nje, picha za harusi na kazi za chuo pamoja. Laptopu iwe na betri inayoshika chaji, na waya wake uwe umechomekwa. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya kuishikilia stima ikikatika), subiri uazime moja. Stima ikikatika wakati diski inagawanywa, hakuna fundi atakayekuhakikishia kwamba faili zitarudi.

Kisha tafuta BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski yote kwa ufunguo. Laptopu za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, zinazouzwa mjini, zile EliteBook, Latitude na ThinkPad, mara nyingi zina Windows Pro, na diski yaweza kuwa imefungwa kwa siri bila wewe kujua. Andika BitLocker kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukikuta imewashwa, andika ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi, uweke karatasi mbali na mashine, halafu uizime BitLocker na usubiri diski yote ifunguke. Usipofanya hivyo, siku mpangilio wa kuwaka ukibadilika Windows itakudai tarakimu hizo, na faili zote zitakuwa nyuma ya mlango huo.

Jambo la tatu ni "Fast Startup", na hili ndilo linalosahaulika zaidi. Ikiwa imewashwa, ukizima Windows haizimiki kabisa. Huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili iwake upesi kesho. Linux ikija hukuta diski bado iko mikononi mwa mwenzake, nayo hukataa kuandika humo. Ingia Control Panel, Power Options, kisha "Choose what the power buttons do", uondoe alama yake.

Sasa kata nafasi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, bonyeza C: kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Shrink Volume". Kwa diski ya GB 256, mimi huwapa Linux GB 60, yaani uandike 61440. Windows nayo ibaki na nafasi ya kupumua, kwa sababu masasisho yake hula GB nyingi. Ikikuruhusu kiasi kidogo kuliko nafasi uionayo tupu, ni kwamba kuna faili zisizohamishika katikati ya diski. Zima "hibernation" (usingizi wa mashine) na "System Restore" (kumbukumbu za kurudisha Windows nyuma) kwa muda, uwashe upya, ujaribu tena. Ile nafasi mpya iache tupu, usiipe herufi.

Flashi ya GB 8 yatosha. Pakua faili ya Mint kutoka tovuti yao wenyewe, nayo ni karibu GB 3, kwa hivyo tafuta Wi-Fi badala ya kumaliza bando. Iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus ukichagua GPT (mpangilio wa kugawanya diski) na UEFI (njia ya kisasa ya kompyuta kuwaka). Flashi itafutwa yote. Ili uthibitishe kama mashine yako yatumia UEFI, andika msinfo32 utazame mstari wa "BIOS Mode".

Zima, washa ukigonga F9 kwenye HP, au F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, uchague flashi kwenye orodha. Ikidai nywila ya BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka) usiyoijua, hiyo ni ya kampuni iliyoitumia mashine kabla yako. Irudishe kwa aliyekuuzia. Anayenunua ex-UK aangalie hilo dukani, kabla hajalipa.

Mint itawaka kutoka kwenye flashi. Ijaribu kwanza Wi-Fi, sauti na kamera. Ukiridhika, bonyeza alama ya kusakinisha, na ukifika penye swali la diski chagua "Something else". Gusa ile nafasi tupu, bonyeza alama ya kujumlisha, weka ext4 (aina ya mpangilio wa faili wa Linux) na "/" kama mahali pake. Sehemu ndogo ya EFI usiifomati. Windows huanzia humo. Na "Erase disk" usiiguse kabisa. Ukiulizwa saa za eneo, chagua Nairobi. Yaliyobaki yajiendesha.

Ukirudi Windows utakuta saa imerudi nyuma saa tatu: adhuhuri saa sita, mashine yakwambia ni saa tatu asubuhi. Haijaharibika. Linux huiweka saa ya ndani kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko UTC+3. Fungua terminali ya Mint (dirisha la kuandikia amri) uandike:

timedatectl set-local-rtc 1

Kisha washa upya, na Windows uiambie ilinganishe saa mara moja.

Baada ya sasisho kubwa la Windows, yaweza kutokea menyu ya kuchagua Windows au Mint unapowasha isionekane tena. Mint bado ipo. Ingia BIOS, tafuta mpangilio wa kuwaka, uipandishe "ubuntu" juu ya "Windows Boot Manager". Usitafute jina Mint hapo. Imejengwa juu ya Ubuntu na hujiandikisha kwa jina hilo.