SOMO: Wiki za mwisho za mimba, kuanzia 36 mpaka leba (soma hadi chini ndipo uulize)

Mwangaluka wapendwa. Kila siku meseji ni zilezile: "dada tumbo limekaza, niende?", "dada miguu imevimba, kawaida?" Naandika mara moja, ukiuliza tena nakurudisha hapa. Mimi ni mkunga, nipo leba upande wa Ziwa Victoria, ila sikuoni wala sikupimi. Kliniki iko palepale.

1. Tarehe. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Ya 10 Februari inakupa 17 Novemba. Ni makadirio tu, wachache sana huzaa siku yenyewe. Kama hedhi zako hazieleweki, fuata utrasaundi ya mwanzoni, siyo ya juzi.

2. Kliniki wiki ya 36, 38 na 40. Kadi itembee na wewe hata ukienda sokoni mwaloni Kirumba.

3. Mwili. Mtoto akishuka kwenye nyonga pumzi inafunguka, lakini mkojo haukuachi. Kiuno kitauma, usingizi utakatikakatika, miguu itavimba jioni. Lala kwa ubavu. Ila uvimbe ukipanda usoni na mikononi, kichwa kikigonga, macho yakiona ukungu au chembe ya moyo ikiuma, usiseme ni uchovu. Hiyo inaweza kuwa presha ya mimba, na mwisho wake unaweza kuwa kifafa cha mimba. Nenda siku hiyohiyo.

4. Begi: kanga za kutosha, makintoshi (shiti la plastiki la kutandika), glavu, pamba, wembe mpya, vibana kitovu, pedi, beseni, sabuni, nguo na kofia ya mtoto, chupa ya chai. Kila kituo kina orodha yake, uliza. Ongeza watu wawili walio tayari kuchangia damu.

5. Mtoto kucheza. Hapa punguzeni mwendo. Kuna maneno yanazunguka kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa anatulia "anajipanga". Si kweli. Kinachobadilika ni namna ya kucheza: nafasi imebana, kwa hiyo mateke yanakuwa kusukuma na kujigeuzageuza. Kupungua hakutakiwi. Analala, ndiyo, mara nyingi dakika 20 hadi 40, na ni nadra kupita 90. Ukiwa na shaka lala ubavu wa kushoto, acha simu, mfuatilie kwa saa 2. Asipofikisha mara 10, nenda. Na kama kimya ni kimya kweli, hata hizo saa 2 usizingoje. Usinywe soda baridi ukasubiri aamke. Usingoje kukuche. Usiulize kwanza humu, maana mimi ninaweza kuwa zamu na simu iko kabatini. Ukija mara tatu ukakutwa salama mara tatu, njoo na ya nne. Nesi akinuna, atanuna.

6. Uchungu. Wa uongo unakaza bila mpangilio, ukitembea au ukinywa maji unaachia. Wa kweli una ratiba, unakaribiana na kuzidi nguvu, wengi unawaanzia kiunoni. Ute wenye damu kidogo maana yake mlango wa kizazi unaanza kulegea, inaweza kuwa leo au baada ya siku kadhaa. Damu inayotiririka ni dharura. Chupa ikipasuka, hata bila uchungu, vaa pedi, angalia rangi, njoo. Kijani au kahawia ni mtoto kajisaidia ndani: kimbia.

7. Usafiri. Mlioko Mwanza mjini, yaani Igoma, Buhongwa, Nyakato, wekeni namba za madereva wawili wa bajaji wanaolala jirani, na namba 115 ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, ambayo ni bure. Wa Sengerema tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hamna kisingizio cha pantoni. Tatizo ni wa Ukerewe, Ukara, Kome na visiwa vidogo. Usiku hutapata kivuko, na upepo ukikaza hata mwenye mtumbwi wa injini atakukatalia, na atakuwa sahihi. Kwa hiyo mimba ya kwanza, mapacha, kovu la opresheni, uzao wa tano na kuendelea, presha, mtoto aliyetanguliza makalio: wiki ya 37 uwe umeshavuka. Fikia kwa ndugu, au uliza hospitali kama ina nyumba ya kusubiria kujifungua. Najua swali linalofuata ni nani abaki na watoto na nani aanike dagaa. Pangeni leo. Hii mimba mnayo miezi minane, haikuwavamia.

MASWALI

Mama kijacho Igoma: Dada niko wiki 38, miguu imevimba, ni kawaida?

Jibu: Namba 3.

Mama kijacho Igoma: Nimesoma. Ila leo pete haivuki kidole na kichwa kinauma tangu jana.

Jibu: Sasa hilo ndilo la kuanza nalo mdogo wangu. Nenda sasa hivi, wakupime presha na mkojo. Ukitoka niambie.

Mkwe wa Magu: Huku bibi ana dawa ya kuongeza uchungu, mtu anazaa kabla ya jogoo. Ninyi wa hospitali mnadharau mila.

Jibu: Mimi ni Msukuma, simdharau bibi. Nachokataa ni kikombe kisicho na kipimo. Sisi tukiongeza uchungu tunahesabu matone ya dripu huku tunasikiliza mapigo ya mtoto, ikizidi tunafunga. Ya bibi ikishamezwa utaifungaje? Kizazi kinakaza bila kuachia, mtoto anakosa hewa, na chenye kovu kinaweza kuchanika.

Mkwe wa Magu: Mbona wengi wamekunywa na wamezaa salama?

Jibu: Wapo. Wale wengine nawapokea mimi. Na aliyekwisha kunywa amwambie mkunga akifika, hata kama atagombezwa.

Baba mtarajiwa: Samahanini, mwanaume naruhusiwa? Mke wangu ana wiki 39. Nitajuaje muda wa kuita bajaji, na mimi nifanye nini?

Jibu: Karibu sana kaka. Hesabu tangu mkazo unapoanza mpaka unaofuata unapoanza. Ukifika kila dakika 5, mmoja kama dakika nzima, kwa saa 1, tokeni. Kama si uzao wa kwanza au mko mbali, msifike huko, tokeni mapema. Nyumbani msugue kiuno kwa kiganja, mpe maji na uji mwepesi, mkumbushe kukojoa. Kuingia leba kunategemea kituo, wodi nyingi hazina faragha, uliza kabla. Halafu angalia kundi lake la damu kwenye kadi. Likiwa na alama ya kutoa, mtoto akizaliwa na ya kujumlisha kuna sindano ya anti-D ya kulinda mimba zijazo, anachomwa mama ndani ya saa 72. Ulizia inapopatikana sasa, siyo siku hiyo.

Baba mtarajiwa: Ni O yenye kutoa kweli! Hakuna aliyetuambia.

Jibu: Kesho asubuhi kliniki, wote wawili.

Binti Nyegezi: Mie pemba siwezi kuacha, nakula vipande hata vitano.

Jibu: Hamu ya udongo mara nyingi inaambatana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unazuia madini ya chuma. Pima damu. Vidonge vya damu meza na chungwa, siyo na chai.

Mama Sato: Niko wiki 37, wamenipa SP tena, zile za kuzuia malaria. Si zimetosha?

Jibu: Zinatolewa kila mwezi mpaka kujifungua, kwetu huku mbu hawaendi likizo. Ila kama unatumia Septrin (antibiotiki ya kila siku), sema, hazichanganywi.

Mpita njia: wiki 40 na siku 4, kimya, nifanyeje?

Jibu: Anacheza?

Mpita njia: Sana.

Jibu: Basi endelea kumfuatilia, na kliniki nenda kesho. Ukigusa 41 wataongea nawe habari ya kuanzishiwa uchungu. Ukubali kuwasikiliza.

Mama Sato: Dada mkunga, nje ya mada, dagaa za uji wa mzazi mnatoaje mchanga?

Binti Nyegezi: Kata vichwa, loweka maji ya moto, usikoroge. Chota za juu, mchanga unabaki chini. Rudia mpaka maji yawe meupe.