Begi la vitabu na laptopu: pima mzigo, kisha kagua mishono

Mabegi mengi ya wanafunzi hutupwa kitambaa kikiwa bado kizima. Kinachotangulia kufa ni zipu, au mkanda wa begani unaong'oka juu, pale uliposhonewa kwenye mgongo wa begi. Anayechagua kwa rangi na wingi wa mifuko anakuwa amekagua kila kitu isipokuwa kile kitakachomwangusha.

Anza na mzigo

Weka mezani vitu vya siku nzito kuliko zote katika wiki yako: laptopu, chaja, vitabu, madaftari, chupa ya maji, mwavuli kama huuachi. Vipange kama vitakavyokaa begini, vipana vikisimama nyuma, kisha pima kwa rula urefu, upana na unene wa rundo zima. Mizani ikiwepo, panda na mzigo, panda tena bila mzigo, utoe.

Mfano wa hesabu: laptopu kilo 1.8, chaja 0.4, vitabu viwili vizito 3, madaftari mawili ya A4 yenye kurasa 200 karibu 1, chupa ya lita moja ikiwa imejaa 1.2, na begi lenyewe 0.9. Jumla kilo 8.3. Kipimo kinachotumika sana ni kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mwili, yaani kilo 6 hadi 9 kwa mtu wa kilo 60. Mtu huyo yumo ndani ya kipimo, lakini kitabu kimoja zaidi kinamvusha. Ukishavuka, hakuna begi litakalokuokoa. Acha kitabu kwenye kabati au jaza maji ukifika.

Kwa mzigo kama huo begi lenye ujazo wa lita 20 hadi 25 linatosha. Lita 30 ni za anayebeba na nguo za mazoezi. Usiitegemee sana namba ya lita kwenye lebo, kwa kuwa watengenezaji hawapimi kwa namna moja. Vipimo vya rundo lako havidanganyi.

Inchi za laptopu nazo huponza watu. Inchi 15.6 ni mshazari wa kioo, kona hadi kona, wala si upana wa mashine. Laptopu mbili za inchi hizo zinaweza kupishana kwa sentimita mbili au zaidi, hasa zile nene za kuchezea michezo. Pima mwili wa mashine ikiwa imefungwa. Ikiwa ina upana wa sentimita 36 na unene wa 2, mfuko wake ukilazwa bapa uwe na upana wa sentimita 39: upana, jumlisha unene, jumlisha moja ya kupumulia. Unene ndio husahaulika, ndipo mtu anashangaa kwa nini laptopu ya 36 haiingii kwenye mfuko wa 37.

Kuhusu aina: kwa vitabu na laptopu kila siku, chukua begi la mgongoni lenye mikanda miwili. La bega moja linamfaa mwenye laptopu nyepesi na daftari moja, kwani uzito wote huning'inia upande mmoja.

Dukani, tia mkono ndani

Nenda na laptopu yako na kitabu kimoja kizito. Muuzaji akikataa usivijaribu begini, nenda duka jingine.

Kwanza mfuko wa laptopu. Ingiza mkono mmoja mpaka chini ya mfuko huo, mwingine ushike kitako cha begi kwa nje. Vidole vikikutana, mfuko umegusa kitako, na kila utakapotua begi sakafuni kona za laptopu ndizo zitakazopokea kishindo. Mfuko mzuri huning'inia sentimita 2 au 3 juu ya kitako. Kisha bana sponji kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikisinyaa mpaka ukahisi kidole chako cha pili, ni ile sponji laini ya godoro na baada ya miezi itakuwa imelala. Inayofaa ni ngumu kiasi, inarudi mara ukiiachia.

Sasa mikanda, na hapa usiwe na haraka. Shika mkanda karibu na shina lake, uvute kwa nguvu kuelekea juu huku ukitazama mshono. Matundu ya sindano yakifunguka ukaona mwanga, rudisha begi. Kama bitana ina zipu au upenyo, pita ndani ukapapase mkia wa mkanda: unatakiwa kupita mshono kwa sentimita 2 au zaidi, na kushonwa angalau mara mbili, au kwa mshono wa mraba wenye X katikati. Mkia ukiwa nusu sentimita, uzi hautakatika kamwe. Kitambaa ndicho kitakachochanika ukingoni na mkanda kuchomoka na uzi wake mzima. Fundi akiliona begi hilo huwa anauliza, "Nishone wapi?", kwa sababu kitambaa cha kushikia sindano kimeshakwisha.

Chini, mkanda mwembamba wa kurekebishia urefu uwe umeshikwa na kipande cha kitambaa cha pembetatu. Pembetatu hutawanya mvuto kwenye mshono mrefu, ilhali mkanda ulioshonwa peke yake huvuta sehemu moja tu. Weka alama ya kalamu mkanda unapoingia kwenye plastiki yake, jaza begi, rukaruka mara kumi. Alama ikihama, mkanda unateleza, nawe utakuwa unaukaza njia nzima. Upana wa mkanda begani uwe sentimita 5 hadi 7. Mwembamba zaidi ya hapo hukata bega.

Zipu: funga na fungua polepole, ukisikiliza kwenye kona. Nyuma ya kichwa cha zipu mara nyingi kuna namba 5, 8 au 10, ambayo ni takriban upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita. Namba 5 iishie mifuko midogo. Mlango mkuu wa begi unataka 8 au 10. Zipu ya meno ya nailoni iliyosokotwa kama springi hupinda vizuri kwenye kona kuliko ya chuma. Angalia pia kama bitana iko mbali na meno, maana ikiingia katikati siku ya haraka, utaichana.

Kitambaa nitakipitia upesi. Namba kama 600D ni uzito wa uzi: gramu 600 kwa kila mita 9,000. Poliesta ya 600D inatosha kwa chuo. Nailoni ni imara zaidi kwa uzito uleule, kwa hiyo usishindanishe namba za vitambaa viwili tofauti. Kwangua upande wa ndani kwa ukucha: kama utando wa kuzuia maji unatoka unga au unanata, begi limekaa stoo muda mrefu. Ngozi bandia hupasuka na kubanduka kwenye mikunjo, afadhali turubai.

Neno "haipitishi maji" linahusu kitambaa tu. Maji huingia kwa zipu na matundu ya sindano, basi wakati wa mvua laptopu ivae kava lake au mfuko wa plastiki. Tundu la USB ubavuni ni waya tu, halina betri ndani, na ni mlango mwingine wa maji. Usiongezewe bei kwa ajili yake.

Kulivaa na kulipanga

Livae likiwa na mzigo. Kaza mikanda mpaka begi likulalie mgongoni, kitako chake kikiishia usawa wa kiuno au chini kidogo. Tembea dakika tano. Ukijikuta umeinama mbele, ama mikanda ni mirefu, ama vizito viko mbali na mgongo: kadiri kitabu kinavyosogea nje ndivyo kinavyokuvuta nyuma. Laptopu ikae nyuma kabisa, vitabu vifuate, vidogo mbele.

Chupa ikae mfuko wa nje. Chaja isikae sambamba na kifuniko cha laptopu, kwani pini za plagi zikigandamizwa na vitabu huweza kupasua kioo. Na izime laptopu kabisa kabla ya kuifungia. Iliyolala, yaani iliyofunikwa bila kuzimwa, inaweza kuamka ndani ya begi ikapata joto bila pa kupumulia.

Lifue kwa mkono, maji baridi, sabuni kidogo, ulianike kivulini likiwa kichwa chini na zipu wazi. Mashine ya kufulia hubandua utando wa ndani.

Zipu ikianza kufunguka nyuma ya kichwa chake, kwa kawaida meno hayana kosa, kichwa kimepanuka. Kibane taratibu kwa plaizi, upande huu kisha ule, ukijaribu kila baada ya kubana, maana ukizidisha kitapasuka. Nyuzi mbili tatu zikikatika kwenye shina la mkanda, lipeleke kwa fundi wiki hiyohiyo, kitambaa kikiwa bado kipo. Mwambie aweke kiraka cha turubai kwa ndani na ashonee uzi wa nailoni au poliesta, ule mnene wa viatu na mabegi.