Namna ya kulisoma jiwe la mpaka la Kirumi bila kuling'oa

Usilisogeze, hata ukilikuta limelala. Maandishi yanaweza kupigwa picha na kunakiliwa, lakini mahali liliposimikwa ndipo penye ushahidi, na pakishavurugwa hapatengenezeki tena. Ukilikuta Italia, toa taarifa kwa mamlaka ya mambo ya kale au kwa meya ndani ya saa 24. Kuchimba bila kibali ni kosa la jinai.

Beba utepe wa kupimia wa mita 50, brashi laini, maji safi, tochi na simu ya kuchukulia vipimo vya GPS vya mahali jiwe lilipo. Chaki usiipake kwenye herufi: ukikosea kusoma, picha yako itawapotosha wote watakaoitumia.

Nenda giza likianza kuingia. Weka tochi ubavuni ili mwanga uparaze uso wa jiwe, upige picha, kisha uhamishie tochi upande wa pili. Travatini, jiwe lililotumika sana Roma, lina vitundu vya asili vinavyofanana kabisa na nukta za kutenganisha maneno. Nukta ya mchongaji huwa katikati ya kimo cha herufi; kitundu hukaa popote. Angalia pia L iliyolika mguu: husomeka I, na 50 ikageuka 1.

Mawe ya Kaisari Augusto kandokando ya mto Tiber huwa na R R PROX CIPP PED, yaani umbali hadi jiwe linalofuata kwa mstari ulionyooka. Futi ya Kirumi ni takriban sentimita 29.6, hivyo PED CL, futi 150, ni mita 44.4. Vuta utepe kwa mstari ulionyooka. Ukifuata kona za mto, kipimo kitaisha kabla hujalifikia jiwe la pili. Kwenye mifereji ya maji ya Marcia, Tepula na Julia, nafasi ni futi 240, kama mita 71.

Je, limehama? Tazama kitako. Sehemu ya kufukiwa huachwa bila kulainishwa, kwa hiyo ikiwa nje, ama udongo umemomonyoka ama jiwe limeng'olewa. Jibu la uhakika liko chini, na hilo ni la mwanaakiolojia mwenye kibali. Siculus Flaccus, mpima ardhi wa Kirumi, anaeleza kwamba sadaka ilichomwa shimoni pamoja na ubani, asali na divai, kisha jiwe likasimikwa juu ya majivu yangali moto. Wengine walifukia mkaa, vigae au mifupa. Mkaa hauozi, ndiyo maana ulifaa kuwa shahidi. Lakini uwe chini ya kitako. Ulio pembeni tu unaweza kuwa wa shamba lililochomwa miaka mingi baadaye.